Uniti Kumi na Nane

Bi Mita hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kiti atakisogeza, atakagua miguu yake kama imesimama sawa, kisha atabaki wima kando yake na mazungumzo yataendelea hivyo hivyo. Mumewe, fundi viatu ambaye alikuwa amekalia kigoda kimoja kwa miaka thelathini, alizoea kusema kwamba utulivu wa nyumba ile uligawiwa wote upande mmoja.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kusoma mita za maji, daftari kwapani, kitambaa cha kufutia vioo mfukoni, na mkononi kile chuma chenye kulabu cha kunyanyulia vifuniko. Alipostaafu, miezi kumi na moja iliyopita, alirudisha daftari, akarudisha sare, akarudisha mpaka kalamu. Kulabu hakuirudisha. Ilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni na hakuna aliyeiulizia.

Kustaafu kulimwasha. Wiki ya kwanza alipanga upya vyombo vyote vya jikoni, wiki ya pili akavirudisha vilivyokuwa, wiki ya tatu akajiunga na kamati ya mtaa. Mumewe alishusha pumzi.

Kamati ilikuwa na madai mawili tu. La kwanza lilihusu basi namba saba. Zamani basi hilo lilipanda mlima mpaka mtaa wa juu, lakini karibu miaka minne sasa kampuni ilikuwa imekata safari hiyo kwa madai kwamba mlima unamaliza breki. Basi likawa linageuzia chini, kwenye kituo cha mafuta, na watu wa juu wanamalizia kwa miguu, wenye mizigo na mizigo yao, wagonjwa na magonjwa yao. Dai la pili lilikuwa maji. Shirika la maji lilikuwa limeanza kujaribu bei mpya: nyumba inayozidi uniti kumi na tano kwa mwezi inalipa mara mbili kwa kila uniti. Mtaa wa chini ulipona. Mtaa wa juu, nyumba zote arobaini na moja, ziliangukia kwenye bei kubwa, na sasa kulikuwa na kikao cha maoni kitakachoamua kama bei hiyo ibaki moja kwa moja.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu, mzee aliyefundisha hesabu maisha yake yote na bado anaongea kama kuna mtu amelala dawati la nyuma. Alimteua Bi Mita kuwa msemaji siku ile ile alipoingia.

"Wao watakuja na makaratasi," alisema. "Sisi tutakuja na mtu aliyezishika hizo mita kwa mikono yake. Nani atambishia?"

Bi Mita alifurahi, tusimfiche. Tangu astaafu alikuwa hajahitajika na mtu.

Siku tano kabla ya kikao, alipanda mtaa wa juu na Mwalimu kukusanya bili za zamani kwa ushahidi. Goti lake la kulia lilikuwa likilia kila hatua, na alikuwa akilisema lile goti kimoyomoyo kwa maneno ambayo Mwalimu asingependa kuyasikia. Nyumba ya mwisho, ile yenye geti la buluu lililochubuka, ilikuwa ya fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini hivi aliyekuwa akiishi na mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja umelala, na kitanda chake kiliwekwa dirishani ili aone watu wakipita.

Fundi aliwapa bili zake zimefungwa kwa uzi. Alizungumza huku akipitisha kitambaa kwenye mashine, maana kazi ya watu ilikuwa inasubiri.

"Sisi tumeshapunguza kila kitu, shangazi. Maji ya kufulia ndiyo ya chooni. Mama nilikuwa namwogesha asubuhi na jioni, daktari alisema hivyo, kwa ajili ya vidonda vya mgongoni. Sasa namwogesha Jumatano na Jumapili. Siku nyingine nampitishia kitambaa."

"Na bili haishuki?" Mwalimu aliuliza.

"Haishuki hata kidogo. Kumi na nane, kumi na nane. Nashindwa kuelewa tunayanywa wapi."

Kutoka dirishani yule mama alisema kitu. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yanatoka moja moja. Fundi alisimamisha mashine.

"Anawaomba radhi," alisema bila kuwatazama. "Anasema msisogee karibu sana."

Bi Mita aliteremka mlima bila kusema neno, na Mwalimu, aliyezoea kusema peke yake, hakuona tofauti.

Nyumbani alimwaga bili zote mezani akaanza kuzipanga kwa nyumba na kwa mwezi. Alizipanga amesimama, kama kawaida yake. Alipofika bunda la tatu mikono ikapunguza kasi. Bili za mwaka huu zilionyesha kumi na nane tupu, kila mwezi, kila nyumba. Zile za miaka mitatu iliyotangulia zilikuwa na mwendo: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, kumi na nane. Kisha tena kumi na saba. Nyumba ya pili yake ilianzia kumi na nane, ya tatu ikaanzia kumi na tisa, ili zisifanane mno. Aliuona mkono wake mwenyewe pale, na Bi Mita, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akavuta kiti akakaa.

Mumewe aliinua kichwa kutoka kwenye kisigino alichokuwa akikigonga. Kule kukaa kulimtisha.

"Unaumwa?"

"Hizi namba nilizitunga mimi," alisema Bi Mita.

Akamweleza yote. Basi lilipoacha kupanda mlima, goti nalo lilikuwa limeshaharibika. Mwezi wa kwanza alipanda kwa miguu, akateremka kinyumenyume ameshika kuta za watu. Mwezi wa pili hakupanda. Sheria ya kazi ilisema ukishindwa kuifikia mita, andika kwenye daftari herufi K, yaani kufuli. Lakini K tatu mfululizo zinamwita msimamizi, na msimamizi akija lazima apande mlima, na msimamizi alichukia kupanda mlima kuliko hata yeye. Basi wasoma mita walikuwa na desturi yao ambayo haikuandikwa popote: kadiria, na ukikadiria, kadiria juu. Ukikadiria chini, siku mita ikisomwa kweli mteja anaona amerukiwa na bili kubwa, anakuja ofisini na kelele. Ukikadiria juu, hakuna anayekuja. Wakati ule bei ilikuwa moja kwa kila mtu, na tofauti ya pesa ilikuwa ndogo. Alikaa chini ya mti wa kituo cha mafuta akajaza nyumba arobaini na moja kabla soda haijaisha. Mwezi uliofuata vile vile. Miezi thelathini na sita.

"Na mwaka huu?" mumewe aliuliza. "Mwaka huu si wewe."

"Hawakumwajiri mtu. Kompyuta imechukua wastani wa kwangu, inaendelea nao."

Fundi viatu aliweka nyundo chini. Alikuwa mtu mwema, na watu wema ndio wenye ushauri mbaya kuliko wote wakiwapenda watu wao.

"Sikiliza, mama. Mwalimu ameshasema kosa ni la kompyuta. Mwache aseme. Kompyuta haina pensheni, wewe unayo. Haina jina mtaani, wewe unalo."

Usemi huo ulikuwa na akili, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Bi Mita aliubeba siku tatu. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alipanda basi namba saba mpaka mwisho wa njia akarudi nalo bila kushuka, na kondakta akamwuliza kama amepotea. Alianza kupika akaacha, akaanza kufua akaacha, akabishana na mumewe kuhusu dirisha. Alijipangia maneno ya kusema kikaoni, maneno ya kweli lakini yasiyofika mbali: kwamba usomaji una kasoro, kwamba mita zikaguliwe upya. Hakuna haja ya kutaja mtu. Akaona hiyo ndiyo njia, aonyeshe kosa bila kuonyesha mkosaji.

Siku ya nne akachomoa kulabu nyuma ya mlango akapanda mlima. Alitaka mita moja tu ya ushahidi, na miguu yake ikampeleka kwenye geti la buluu.

Fundi cherehani alimwonyesha ilipo, pembeni ya ukuta. Kifuniko hakikuonekana. Udongo ulikuwa umekifunika, na juu ya udongo ilikuwa imeota nyasi, nyasi kubwa yenye mizizi, si ya msimu mmoja. Bi Mita alipiga magoti, akaikata kwa ncha ya kulabu, akafukua, akanyanyua. Chura akaruka. Alifuta kioo kwa kitambaa na kusoma tarakimu nyeusi, maana nyekundu hazihesabiwi: 1016. Bili ya mwisho aliyokuja nayo ilisema 1486.

Bi Mita aliikumbuka namba yake ya mwisho ya kweli kwenye mita ile, 640, kwa sababu wasoma mita hukumbuka mambo hayo jinsi watu wengine wanavyokumbuka siku za kuzaliwa. Akagawanya kwa miezi arobaini na saba. Uniti nane kwa mwezi. Nyumba hii haikuwahi hata kuikaribia kumi na tano. Ilikuwa nane, pamoja na maji ya kumwogesha mgonjwa asubuhi na jioni.

"Shangazi," fundi alisema taratibu. Alikuwa haangalii mita. Alikuwa anaangalia lile bonge la nyasi lililolala kando na mizizi yake juu. "Hii imeota lini?"

"Ina muda," alisema Bi Mita.

Fundi alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye mashine yake. Bi Mita alirudisha kifuniko akaondoka, akateremka polepole ameshika kuta.

Kikao kilifanyika ukumbi wa manispaa, mchana, feni zinazunguka bila kumfikia mtu. Mtaa wa juu ulikuja karibu wote, wakakaa safu tatu za mbele. Fundi cherehani alikaa pembeni, karibu na mlango, ili awahi kurudi kwa mama yake. Kiongozi wa kikao alikuwa mwanamke mwenye miwani, anayeandika kila kitu mwenyewe.

Mwalimu alianza. Alisema kompyuta ya shirika ina hitilafu, akasema wastani si hesabu bali ni uvivu wa hesabu, akapigiwa makofi. Ndipo akasimama afisa wa shirika la maji, kijana mwenye tai, mpole sana, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Kompyuta haikubuni chochote," alisema. "Imeendeleza takwimu za miaka mitatu zilizoandikwa kwa mkono na msoma mita wetu mzoefu, ambaye hakuwahi kupewa onyo hata moja katika miaka ishirini na sita. Na kwa bahati nzuri tunaye hapa. Ndiye msemaji wenu." Akamgeukia. "Mama, shikamoo. Naomba utusaidie. Namba hizi ni zako, au si zako?"

Ukumbi mzima ulimtazama kwa matumaini, na hicho ndicho kilichomchoma. Mwalimu alimwinamia sikioni akanong'ona, "Sema wamezibadilisha. Sema tu hivyo, tumeshinda."

Bi Mita alisimama. Yale maneno yake yasiyofika mbali yalikuwa yamekunjwa mfukoni, na hapakuwa tena na mahali pa kuyaweka. Akisema si zake, amedanganya. Akisema ni zake na kunyamaza, mtaa wa juu utalipa mara mbili mpaka wafe. Kule mlangoni fundi cherehani alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, na Bi Mita akajua kwamba yule binti ameshaelewa tangu siku ya nyasi, na kwamba anasubiri tu kuona.

"Ni zangu," alisema. "Na si za kweli. Nilizitunga."

Watu walidhani hawakusikia vizuri. Akarudia. Akaeleza kituo cha mafuta, akaeleza K tatu, akaeleza kukadiria juu. Sauti yake ikakaa sawa, kwa sababu sasa alikuwa anazungumza habari za kazi, na kazi aliijua. Akataja mita ya geti la buluu, 1016, akawaomba wapeleke mtu yeyote akasome leo hii. Nyuma mtu alisema, "Astaghafirullah," na mwingine akacheka cheko fupi lisilo na furaha.

"Kwa hiyo, mama," yule afisa alisema, na upole ulikuwa umemtoka, "ulilipwa mshahara miaka mitatu kwa kazi ambayo hukuifanya."

"Kwa mtaa huo mmoja, ndiyo."

"Unajua hili linagusa mafao yako."

"Najua."

Kiongozi wa kikao aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi. "Kwa nini hukupanda?"

Bi Mita alifikiri. Jibu alikuwa nalo, na mumewe kule nyumbani angempigia makofi kwa jibu hilo. "Basi lilikuwa limeacha kupanda, na goti langu ni bovu. Lakini wao walipanda," alisema akionyesha safu tatu za mbele. "Kila siku walipanda. Mimi ilikuwa mara moja kwa mwezi."

Mama mwenye miwani aliandika kwa muda mrefu. Mwisho akasema kwamba bei kubwa isitishwe kwa mtaa wa juu mpaka mita zote zisomwe upya, ndani ya siku thelathini, na ziada iliyotozwa irudishwe kwenye bili zijazo. Suala la mtumishi mstaafu lipelekwe panapohusika. Suala la basi namba saba akaliandikia kikao kingine, ingawa alipigia mstari kitu fulani pale, mara mbili.

Ilikuwa ushindi, na hakuna aliyeushangilia. Watu walitoka wakimpita Bi Mita kama wanavyokipita kidimbwi. Mwalimu alibaki nyuma akikunja makaratasi yake vibaya.

"Umetuaibisha na umetushindia," alisema. "Sijui nianze kukusema kwa lipi." Kisha akaondoka bila kumsema kwa lolote. Fundi cherehani alikuwa ameshatoka zamani.

Usiku huo mumewe hakumlaumu. Alimwuliza tu kama amekula. Asubuhi alimkuta amevaa viatu, vile vya kazi, na kulabu haipo nyuma ya mlango.

"Shirika limesema siku thelathini," alimkumbusha. "Hawajakutuma."

"Najua hawajanituma."

Alisoma nyumba kwa nyumba, akiandika kwenye daftari la shule ili kamati iwe na orodha yake siku shirika litakapokuja na yao. Wengine walimfungulia bila salamu. Wengine walisema mita iko pale, wakaingia ndani. Mzee mmoja alimwacha apige geti mpaka vidole vikauma, na alikuwa amemwona dirishani. Bi Mita aliandika K kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akaendelea. Nyasi zilikuwa juu ya karibu kila kifuniko, naye akazikata zote.

Geti la buluu aliliacha la mwisho. Fundi alifungua akasimama katikati ya njia, utepe wa kupimia umening'inia shingoni.

"Hii umeshaisoma," alisema.

"Nimeshaisoma. Nimekuja kuomba radhi."

"Mimi sina cha kukuambia." Akasogea pembeni akaonyesha mlango kwa kichwa. "Mwambie mwenyewe."

Chumba kilikuwa kisafi, na harufu ilikuwepo. Yule mama alikuwa dirishani, mkono mmoja hai juu ya shuka. Bi Mita hakutafuta kiti. Alipiga magoti kando ya kitanda, goti bovu na goti zima, akamweleza kama alivyoeleza ukumbini, ila kwa ufupi, maana humu hapakuwa na habari za kazi wala za sheria. Alisema namba zilikuwa za uongo. Alisema maji waliyotumia yalikuwa nusu ya yale waliyoambiwa, na hata chini ya nusu. Alisema hawakuhitaji kupunguza.

Yule mama alitafuta maneno kwa ule ulimi wake.

"Kwa hiyo," alisema, "nilikuwa... naweza... kuoga."

"Ndiyo, mama," alisema Bi Mita. "Ulikuwa unaweza."

Yule mama aligeuza uso akatazama nje. Mlangoni mashine ya kushona ilikuwa kimya. Kisha Bi Mita alisikia bomba likifunguliwa jikoni, likafunguliwa kabisa, ndoo ikijaa, na baadaye sufuria ikiwekwa jikoni ipate moto. Hakujua kama anatakiwa kuinuka aende zake au abaki. Kwa maisha yake yote jambo kama hilo lingemwinua. Alibaki pale pale sakafuni.

Fundi aliingia na beseni, maji yakifuka, taulo begani. Alitandika plastiki chini ya mama yake, akamfungua vifungo vya gauni kimoja kimoja. Alijaribu kumgeuza peke yake, kama alivyozoea, kisha akasita.

"Shangazi," alisema bila kumtazama, "shika upande huo."

Bi Mita akashika.